Obama akiwa seneta wa jimbo na wakili kule Illinois: alipandaje vile? Bahati, figisu au kazi?

#1 Kijiwe Nongwa
Wakuu, twende moja kwa moja. Wengi hapa wanamjua Obama kuanzia ile hotuba ya Boston kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic, Julai 2004, kana kwamba alishuka na mwavuli. Kabla ya hapo alikaa karibu miaka minane, kuanzia Januari 1997, kwenye Seneti ya jimbo la Illinois mjini Springfield, akiwakilisha Hyde Park na mitaa ya kusini mwa Chicago. Muda wote huo ana leseni ya uwakili, na anafundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago.

Hoja yangu ni hii: miaka sita ya mwanzo hakuwa na lolote la kutisha. Chama chake kilikuwa wachache ndani ya ile Seneti, miswada yake ilikuwa inafia kwenye kamati, na mwaka 2000 alipotaka kwenda Bunge la taifa alichapwa na Bobby Rush, mbunge aliyekuwa anakikalia kiti hicho, 61 kwa 30. Miaka minne mbele ni seneta wa taifa, minane mbele ni rais mteule. Mtu wa hivyo huku kwetu tungesema ana mganga wake Sumbawanga. Anayezijua siasa za kule atiririke, jamaa alipitia mlango gani?

#2 Bwashee Tandale
Nimekaa siti ya dirishani. Leteni nondo.

#3 Nyakwar Nyalenda
Mganga wa nini na damu ya Kogelo ipo 😂

Lakini mkuu, usiseme watu hawakumjua. Huku Kenya 2004 ndio mwaka bia ya bei nafuu ya Senator iliingia sokoni, na haikupita muda watu wakaacha kuitaja kwa jina lake. Unaingia kilabuni unasema "nipe Obama moja", unaletewa kikombe. Ila ukweli usemwe: kwamba kuna seneta wa jimbo na seneta wa taifa, hiyo hakuna mlevi aliyeijua.

#4 Mpemba wa Chasasa
Nyakwar, sie Wazanzibari hiyo haitusumbui. Lipo Baraza la Wawakilishi, lipo na Bunge la Muungano Dodoma. Obama alikuwa kwenye "Baraza" la Illinois, ila lao lina vyumba viwili: Seneti watu 59, na Baraza la chini watu 118. Illinois ilikuwa na watu milioni 12 na laki nne kwenye sensa ya 2000. Gawa kwa 59, kila seneta anabeba watu laki mbili na ushee. Ndio maana mtu anaweza kuwa seneta na jirani wa ghorofa ya pili asimjue. Kwa hiyo mleta uzi, cheo chenyewe kilikuwa kidogo, msikitie chumvi.

#5 Wakili Njia Panda
Kwa kuwa mleta uzi kagusa uwakili, mimi naanzia hapo. Mlango wa kwanza aliuingia KWA SHERIA, si kwa hotuba.

Mwaka 1995 kiti kile kilikuwa cha mama mmoja anaitwa Alice Palmer. Mbunge wa taifa wa eneo lile, Mel Reynolds, akatiwa hatiani, nafasi ikawa wazi, mama Palmer akaitaka na akamwachia Obama baraka zote kwenye kiti chake cha jimbo. Novemba mama akashindwa, tena wa tatu, nyuma ya Jesse Jackson Jr. Watu wake wakarudi kwa Obama: kijana, mpishe mama kiti chake. Kijana akagoma.

Mama akakusanya saini za wadhamini mbio mbio. Zilitakiwa saini halali 757. Kambi ya Obama ikaenda kwenye ofisi ya uchaguzi, ikapekua saini moja baada ya nyingine, ikaweka pingamizi. Si kwa mama Palmer peke yake, kwa wapinzani WOTE WANNE. Wote wakatoka. Machi 1996 akasimama mwenyewe kwenye kura za maoni za Democratic, na kule kusini mwa Chicago ukipita kura za maoni umeshapita.

#6 Mtoto wa Mjini Magharibi
Subiri kwanza. Kwa hiyo mtetezi wetu wa demokrasia ALIPITA BILA KUPINGWA? 😂😂😂 Kumbe yale ya serikali za mitaa 2019 tulikuwa tunawalaumu watu bure, walikuwa wanasoma kwa bingwa!

#7 Dada wa Masasi
Mtoto wa Mjini usichanganye dengu na kunde. Kule mgombea anaweka pingamizi, mwenzake anaitwa kujitetea, na saini inalinganishwa na daftari la wapiga kura. Sie 2019 tulishuhudia fomu zikikatwa kwa vikosa vya ujazaji, na unayemkatia rufaa ni yule yule wa upande wa pili. Hata hivyo sikatai, alichofanya Obama kwa mama aliyemwachia baraka ni roho ngumu. Mama yangu angeniuliza, "Wewe huyo umemlea nani?"

#8 Mushi wa Bukavu (Chicago)
Ndugu zangu, mimi naishi huku Rogers Park. Niongezee #5. Saini huku zinaanguka kwa vitu vidogo sana: mtu amehama mtaa na hajabadilisha anwani, mwingine kaandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kusaini kama alivyosaini siku ya kujiandikisha, mwingine si mkazi wa eneo lile la uchaguzi. Mmoja wa wale wanne alipungukiwa saini 69 tu. Huu ni mchezo wa kawaida Chicago, hata udiwani wanachapana kwa pingamizi. Kuna mawakili hapa wanajenga nyumba kwa kazi hiyo tu kila msimu wa uchaguzi. Obama hakuuanzisha.

#9 Kijiwe Nongwa
Asante Mushi. Sasa swali langu la pili mnalikimbia: mahakamani alikuwa nani? Maana kila wasifu wake unasema "wakili wa haki za kiraia", lakini kesi hazitajwi.

#10 Wakili Njia Panda
Kesi zipo. Aliingia kampuni ndogo ya Davis, Miner, Barnhill & Galland mwaka 1993. Judson Miner aliwahi kuwa mwanasheria mkuu wa jiji enzi za Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, kwa hiyo ukikaa ofisi ile ushakaa karibu na siasa. Alikuwemo kwenye timu iliyoishitaki serikali ya jimbo kwa kukataa kutekeleza sheria ya kuandikisha wapiga kura pale mtu anapochukua leseni ya udereva. Alikuwemo kwenye kesi ya mipaka ya kata za Chicago, na kesi dhidi ya Citibank kuhusu weusi kunyimwa mikopo ya nyumba.

Angalia neno nililotumia: ALIKUWEMO. Kazi yake kubwa ilikuwa utafiti na kuandika hoja, wakubwa ndio wanasimama. Baada ya kuingia Seneti akawa wa saa chache tu pale ofisini. Na chuoni cheo chake kilikuwa mhadhiri, baadaye mhadhiri mwandamizi, hadi 2004.

#11 Bwashee Tandale
Kwa hiyo wakili wa kwenye makaratasi. Angekuja Kisutu wale mawakili wa pale nje chini ya mti wangemla mzima mzima.

#12 Mama Neema Kihonda
Mimi hainichekeshi hii ya wakili na ubunge kwa pamoja. Nina kesi ya kiwanja ambayo wakili wangu alipata ubunge katikati. Mwanzoni tulishangilia, tukasema sasa hakimu atatuogopa. Wapi. Kila tarehe ikifika anatumwa kijana wa ofisini na bahasha, anasimama: "Mheshimiwa, wakili mwenzangu yuko kwenye vikao Dodoma, tunaomba tarehe nyingine." Yule wa upande wa pili anainuka taratibu, anafunga kitufe cha koti, anasema hana pingamizi. Atakuwa nalo vipi wakati mteja wake ndiye anakaa kwenye kiwanja na anaendelea kupandisha tofali? Nilipoenda kuomba faili langu nihame, nikaambiwa nimalizie ada kwanza. Nyumba ya yule bwana sasa ina geti.

#13 Dada wa Masasi
Pole sana mama Neema. Hilo geti ndilo limeniuma.

#14 Wakili Njia Panda
Pole mama yangu. Kisheria ungeweza kumwandikia kumwondoa na faili ukalipata, suala la ada likaenda njia yake. Nitafute pembeni.

Tukirudi Illinois: bunge lao linafanya kazi zaidi Januari hadi mwisho wa Mei, kisha siku chache za vuli. Limetengenezwa hivyo makusudi ili mtu abaki na kazi yake, ndio maana limejaa mawakili, wakulima na mawakala wa bima. Springfield kwenda Chicago ni kama kilomita 320. Watu wanashuka mwanzoni mwa wiki, Alhamisi wanarudi kwao. Jioni Obama alikuwa anacheza karata za pesa na maseneta wenzake, Terry Link na wengine wa vitongojini na mashambani. Wale wazungu wa mashamba walimwona mwanzoni msomi wa Harvard mwenye pua juu. Karata zilimshusha.

#15 Mzee wa Ramani
Nyote mnazunguka. Jibu ni KOFIA.

Kila baada ya sensa mipaka ya maeneo ya uchaguzi inachorwa upya. Katiba ya Illinois ya 1970 inasema wakishindwa kukubaliana iundwe tume ya watu wanane, nusu kwa nusu. Nayo ikikwama, mjumbe wa tisa anapatikana kwa kura ya bahati. Mwaka 2001 ikakwama. Yakaandikwa majina mawili, moja la kila chama, yakatiwa kwenye kofia ndefu ya mfano wa ile ya Abraham Lincoln, Katibu wa Jimbo akaingiza mkono. Likatoka la Democratic. Chama kizima kikapata kalamu ya kuchora mipaka kwa miaka kumi!

Obama akaketi na mtaalamu wa ramani mbele ya kompyuta. Eneo lake likabaki na mitaa ya weusi kusini, lakini likanyooshwa kaskazini kufuata ufukwe wa ziwa, likapita katikati ya jiji hadi Gold Coast, wanakokaa matajiri. Mtu aliyechapwa na Rush kwa sababu weusi walimwona si mwenzao, sasa ana wapiga kura wenye hundi. Pesa za 2004 zilianzia kwenye ile ramani. Na ramani ilianzia kwenye kofia.

#16 Mtoto wa Mjini Magharibi
Nchi yenye bomu la nyuklia inachagua kwa kofia 😂 Halafu sisi tukirusha shilingi tunaambiwa hatujaendelea.

#17 Nyakwar Nyalenda
Mzee wa Ramani, umeeleza poa, lakini kipigo cha Rush kina sababu nyingine. Oktoba 1999 mtoto wa Rush alipigwa risasi akafa. Ni nani atamkampenia mzee aliye matangani? Halafu Desemba kukawa na kura muhimu Springfield ya sheria ya bunduki, Obama yuko Hawaii, binti yake mdogo anaumwa, hakurudi. Magazeti yalimla. Ukikosa kura ya bunduki mwaka ambao mpinzani wako amezika mtoto kwa bunduki, huhitaji mganga akwambie matokeo.

#18 Shehe Mdadisi
Na mimi nasema aliyembeba ni Emil Jones. Huyu mzee aliwahi kuwa mkaguzi wa mitaro ya maji machafu Chicago, akapanda ngazi kwa ngazi ndani ya chama. Alipokuwa kiongozi wa wachache Springfield alimchukua Obama kama mwanawe. Democratic waliposhika Seneti Januari 2003, Jones akawa spika wao. Jones mwenyewe amesimulia: Obama alimfuata akamwambia, wewe sasa una nguvu ya kutengeneza seneta wa taifa. Akauliza, unamjua wa kutengeneza? Akajibiwa: mimi.

Baada ya hapo miswada iliyokuwa imepigwa danadana na wengine kwa miaka ikawa inapitia kwa Obama. Kuna maseneta walinuna, walilima wao akavuna mwingine. Huku tunaita kubebwa, na mbeleko ilikuwa imara.

#19 Mushi wa Bukavu (Chicago)
Shehe, ramani mpya na spika mpya ni kitu kimoja, bila kofia ya #15 Jones asingepata wingi wa viti. Lakini kubebwa peke yake hakuandiki sheria. Chukua ile ya kurekodi mahojiano ya polisi. Watu huku hawaichukulii mzaha.

Chicago ilikuwa na kamanda wa polisi, Jon Burge, ambaye kikosi chake kilitesa watuhumiwa weusi zaidi ya mia ili wakiri. Watu walikuwa wanasubiri kunyongwa kwa maungamo ya aina hiyo. Tangu adhabu ya kifo iliporudishwa, jimbo lilikuwa limenyonga 12, na 13 wakabainika walihukumiwa kimakosa wakaachiwa. Gavana George Ryan, Republican, akasimamisha unyongaji mwaka 2000, na Januari 2003 akiwa anatoka ofisini akawapunguzia adhabu watu 167.

Obama akaleta muswada kwamba mahojiano ya mtuhumiwa wa mauaji lazima yarekodiwe. Polisi hawataki, waendesha mashtaka hawataki, gavana mpya Blagojevich naye kasema hataki. Akakaa nao chumbani mmoja mmoja, kifungu kwa kifungu: itakuwaje kinasa kikiharibika, itakuwaje mtuhumiwa akikataa kurekodiwa, itakuwaje akiongea mwenyewe ndani ya gari. Hapo ndipo wakili alipoonekana. Mwisho polisi wakaacha kupinga, Seneti ikapitisha bila kura hata moja ya hapana, na gavana yule yule akasaini. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani.

#20 Wakili Njia Panda
Rekebisho dogo: la kwanza kwa SHERIA YA BUNGE. Alaska na Minnesota zilishakuwa na takwa hilo kwa maamuzi ya mahakama zao za juu. Mengine yote niko nawe.

#21 Mtoto wa Mjini Magharibi
Mbona hamsemi zile kura za "nipo"? Mara 129 kibonyezo cha ndiyo hakugusa, cha hapana hakugusa, kabonyeza cha "nipo ukumbini". Hillary Clinton alimchana nazo 2008. Huyo ni mtu anayejitunza asichafuke.

#22 Mushi wa Bukavu (Chicago)
129 kati ya kura kama elfu nne. Na fahamu hesabu ya Springfield: muswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya 59, hata kama ukumbini wamekaa watu arobaini tu. Kwa hiyo "nipo" inazama upande mmoja na hapana. Nyingine zilikuwa mpango wa pamoja na watetezi wa haki ya utoaji mimba, ili wenzao wa maeneo magumu wapate pa kujificha. Nyingine alisema kifungu kina kasoro ya kikatiba.

#23 Mtoto wa Mjini Magharibi
"Kasoro ya kikatiba." Mwalimu wa chuo bwana, hata kukwepa kuna maelezo ya chini ya ukurasa.

#24 Chaurembo
Jamani mnajichosha. 2004 aliokotewa. Kwenye kura za maoni Blair Hull alikuwa na pesa kama mchanga, alimwaga karibu dola milioni 29 zake mwenyewe, mara faili la talaka likafunguliwa, kwisha. Kwenye uchaguzi mkuu akaja Ryan, mzuri wa sura, tajiri, naye faili la talaka! Akajitoa Juni. Ndio yule gavana aliyefungwa baadaye.

#25 Mzee wa Ramani
Hapana Chaurembo. Aliyejitoa ni JACK Ryan. Gavana aliyefungwa ni GEORGE Ryan. Na yupo wa tatu, JIM Ryan, mwanasheria mkuu wa jimbo, aliyeshindwa na Blagojevich mwaka 2002. Watu watatu, ukoo si mmoja.

#26 Bwashee Tandale
Illinois ukiitwa Ryan usigombee kitu.

#27 Nyakwar Nyalenda
Na badala ya Jack wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland, jimbo lingine kabisa! 70 kwa 27. Huku hiyo ni kumtoa mtu Mandera ukamwambia agombee Migori, na uchaguzi uko mlangoni.

#28 Shehe Mdadisi
Chaurembo, alipata zaidi ya nusu ya kura za maoni kwenye kundi la watu saba. Huwezi kuita hiyo kuokota. Bahati ilimkuta yuko barabarani.

#29 Chaurembo
Barabara yenyewe nani aliifagia? Nimesema yangu.

#30 Mama Neema Kihonda
Nauliza, kule hakuna mbunge wakili anayetumia kiti kutafuta wateja? Maana mnamsifia tu huyu mmoja.

#31 Mushi wa Bukavu (Chicago)
Mama, hilo ndilo lilipaswa kuwa na uzi wake. Michael Madigan. Alikuwa spika wa Baraza la chini karibu miaka 36 jumla, kuanzia 1983, alitoka miaka miwili tu katikati akarudi, hadi 2021. Wakati huo huo ana kampuni ya uwakili ya kupunguzia wenye maghorofa kodi za majengo. Fikiria wewe una jengo kubwa katikati ya jiji, unatafuta wakili, na mmoja wa mawakili ndiye spika. Utakwenda kwa nani? Februari 2025 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa mashtaka 10 kati ya 23, rushwa ikiwemo, sehemu kubwa inahusu kampuni ya umeme kuwapa watu wake vibarua visivyo na kazi. Juni akapigwa miaka saba na nusu. Obama na Madigan jengo moja, taaluma moja.

#32 Dada wa Masasi
Mama Neema, hata mawakili wenyewe wanaumia. Mimi niligombea udiwani, nikashinda kwenye kura za maoni kisha jina likakatwa juu. Niliporudi ofisini wateja wa chama kingine wameshahama, wa chama changu wananiogopa kwa sababu nimekatwa. Nikabaki na mirathi mbili na talaka ya jirani.

#33 Mpemba wa Chasasa
Pole bibie. Faraja yako iwe Lincoln. Naye alikuwa bunge hilo hilo la Illinois, 1834 hadi 1842, sheria alijisomea mwenyewe, leseni kapata 1836 akiwa tayari mjumbe. Desemba 1840 aliruka dirishani ili kikao kikose akidi, kumbe walikuwa wameshahesabiwa.

#34 Bwashee Tandale
Dirishani?? Hiyo chai.

#35 Mzee wa Ramani
Si chai, ni kweli kabisa. Walikuwa wanakutania kanisani, jengo la bunge halijaisha. Wapinzani wake walimcheka hadi wakachoka.

#36 Chaurembo
Swali la mwisho nilale. Ni kweli Obama alifutwa uwakili? Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu.

#37 Wakili Njia Panda
Uzushi. Aliiweka leseni kando kwa hiari yake 2007, mwaka anaanza mbio za urais. Hakuna shauri la nidhamu.

#38 Chaurembo
Na mkewe?

#39 Wakili Njia Panda
Michelle ndiye alitangulia, 1994. Walikutana 1989 kwenye kampuni ya mawakili ya Sidley Austin. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa Obama pale, jamaa yuko mafunzoni kwa majira ya joto.

#40 Bwashee Tandale
Kwa hiyo alimtongoza bosi wake na akamuoa, halafu #1 anauliza alipandaje 😂 Mods hamishieni jukwaa la mahusiano.